Sabuni haitoi povu: kwa nini watu wanayakataa makaa ya mawe

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia, nafupisha: "Ami, shikamoo. Kaka yangu anaendesha semi, anabeba makaa ya mawe kutoka Mbinga mpaka bandarini Mtwara, na kwa kazi hiyo hapa nyumbani tunakula na mdogo wetu anasoma. Lakini kila nikifungua simu naona watu wanaandamana, mara Lamu mara Afrika Kusini, hawayataki makaa ya mawe. Hivi hawa wanakijiji na wanaharakati wanakataa nini hasa? Hawataki ajira? Au wanalipwa na wazungu? Na sisi Zanzibar hata kipande kimoja hatuna, inatuhusu nini?"

Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali manne kwa pumzi moja na yote yana maana, na nimefurahi zaidi kwamba unauliza huku unakula kwa kazi hiyohiyo, mana wengi riziki ikishaingia mlangoni hawaulizi tena. Mie kazi yangu ni maji ya chini ya ardhi, nimeifanya miaka mingi na sehemu kubwa nimeifanyia bara, kupima visima vinavyozunguka machimbo, ya makaa ya mawe na ya vitu vyengine, kwa hiyo ntakujibu kutokea kisimani, ndiko nnakokujua.

Nianze na ndoo moja. Kijiji kimoja kule kusini sikitaji jina, shimo la makaa ya mawe lipo juu yake kama kilomita mbili hivi, tumefika asubuhi kuchukua sampuli, akaja bibi mmoja na ndoo yake kaiweka mbele yangu akasema mwanangu hebu nambie haya maji yana nini, sabuni haitoi povu tena. Hakusema mazingira, hakusema tabianchi, hakusema haki za binaadamu. Kasema sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya msumari, na shati jeupe la skuli la mjukuu wake limegeuka rangi ya kutu. Nikatia karatasi ya kupimia, pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho namba ikishuka ndo tindikali imezidi, ipo kwenye 4, wakati maji ya kunywa tunataka yawe hapo kati ya 6 na nusu na 8 na nusu. Ofisa wa kampuni alokuwa pamoja na sisi akamwambia bibi ardhi ya huku ndivyo ilivyo, haya ni madini ya asili tu. Bibi akamtazama akamwambia kisima hiki nakijua tangu baba yako hajaoa. Mie nikaandika ripoti, ripoti ikenda kwa walonilipa, na kwa nnavyojua yule bibi hakuna alomsomea mpaka leo. Jambo lile linaniuma sana, sikufichi, mana jibu la swali lake nilikuwa nalo mkononi na karatasi ilikuwa yangu na saini yangu.

Sasa kilichotokea mle ndani ni hivi. Makaa ya mawe mara nyingi hayakai peke yake, ndani yake na kwenye mwamba unaoyazunguka kuna kitu kinaitwa pairaiti, ni chuma na salfa vimeshikana, kinang'aa kama dhahabu. Kikiwa chini huko kimefunikwa na udongo na maji, hewa haikifikii, kinalala tu mamilioni ya miaka wala hakimdhuru mtu. Ukilifungua lile jiwe, ukalivunja, ukarundika kifusi nje mvua ikakinyeshea, hewa na maji vikikutana na ile pairaiti inatoka tindikali, na ni ileile ya kwenye maji ya betri ya gari, sitii chumvi. Tindikali ile ikipita kwenye udongo inayeyusha alumini, manganizi na vyengine vilivyokuwa vimetulia, inaingia mtoni, mto unakuwa na rangi ya chungwa, mawe yanapata utando wa kutu, samaki wanakufa. Na ubaya wake kazi hii haisimami siku ya kufunga mgodi. Ndo kwanza inaanza, mana pampu zikizimwa maji yanapanda yanalijaza shimo halafu yanatafuta pa kutokea, na yanatokea kwa alie chini. Kuna machimbo ya zamani yaliyofungwa miaka mingi sana na mpaka leo yanatoa maji hayohayo.

Halafu kabla ya kuchafuka yanapotea. Huwezi kuchimba chini ya kina cha maji bila ya kuyavuta, watu wa mgodi wanatia pampu kubwa usiku na mchana shimo libaki kavu, na maji ya chini yanakwenda kule yanakovutwa, hayajui mpaka wa leseni. Mwenye kisima cha pima nne anaamka siku moja anateremsha ndoo inagonga mchanga. Wewe umekulia Pemba unajua kiangazi kikipanda kina mama wanaamka saa kumi kwenda kupanga ndoo, sasa chukua hali hiyo uifanye iwe ya mwaka mzima na ya miaka ishirini.

Mfano ambao umeandikwa na haubishaniwi ni mji mdogo wa Carolina, mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini. Januari 2012 ilinyesha mvua kubwa, maji ya tindikali kutoka kwenye machimbo ya makaa ya mawe yakaingia kwenye bwawa ambalo mji mzima unakunywa, na watu wakakaa miezi kama saba mfereji upo, maji yanatoka, lakini hawayanywi. Ilibidi wende mahakamani, na Julai mwaka ule mahakama ikaamuru halmashauri iwapatie maji mengine. Fikiria, mji uko juu ya utajiri wa nishati halafu watu wanasubiri tangi la maji barabarani na madumu.

Vumbi sitakaa nalo sana kwa sababu kaka yako analijua kuliko mie. Vumbi jeusi linakaa juu ya muhogo ulioanikwa, juu ya godoro la mtoto, na lile jembamba kabisa usiloliona ndo baya zaidi, halizuiliwi na puani, linakwenda mpaka ndani ya pafu linabaki. Wachimbaji wa chini ya ardhi wanapata ugonjwa wa pafu jeusi na dawa ya kuuponya haipo. Na jiwe likilipuliwa kwa baruti nyumba za udongo zinapata nyufa, mwenye nyumba akenda kulalamika anaambiwa leta ushahidi kwamba ufa huu haukuwepo mwaka jana. Nani anapiga picha ukuta wake kabla haujapasuka?

Hapo ndo tunafika kwenye ardhi, na hapa naomba unipe nafasi, mana hili ndilo watu wa mbali hawalioni na wewe Mpemba utaliona mara moja. Chukua babu yako ana mikarafuu arubaini. Anakuja mtu na fomu, anahesabu miti, hii mikubwa bei hii, hii midogo bei hii, anajumlisha anakupa hundi. Hesabu yake inaweza ikawa sahihi kabisa kwa karatasi alopewa. Lakini mkarafuu unaupanda leo unaanza kukupa kitu baada ya miaka sita, saba, nane, na ukikubali unazaa miaka hamsini na zaidi, babu kaupanda, baba kauchuma, wewe unauchuma, mwanao atauchuma. Chini yake kuna kisima, pembeni kuna kaburi la bibi, kwenye bonde kuna mpunga, na jirani ndie anaekukopesha mchele msimu ukiwa mbaya. Ile hundi imelipa mti, hivyo vyengine havimo kwenye fomu. Pesa ya mkupuo unajua inavyokwenda, bodaboda moja, mabati, harusi, imekwisha, na huna tena pa kuchuma. Bara Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, maneno mazuri sana, lakini madini yaliyo chini ni mali ya Jamhuri, mwanakijiji haki yake ni ya juu ya udongo tu, kwa hiyo anakwenda kwenye meza ya mazungumzo akiwa anajua kwamba neno "hapana" kwa kweli hajapewa. Kapewa neno "bei gani" tu. Nimekaa kwenye mikutano hiyo mwanangu, nakwambia ugomvi mwingi unaouona kwenye simu yako unaanzia hapo, mtu hakuulizwa kama anataka, kaulizwa anataka ngapi, na mara nyengine hata hilo kaulizwa wakati greda lishafika.

Angalia walivyofanyiwa wa Moatize, mkoa wa Tete, Msumbiji, si mbali na sisi. Kampuni ya Vale ya Brazil ilihamisha familia 1,365 kati ya 2009 na 2010 kupisha mgodi wa makaa ya mawe. Wengi walipelekwa mahala panaitwa Cateme, kama kilomita 40 kutoka mjini kwao, wakapewa nyumba mpya za tofali, kwenye picha zinapendeza. Udongo wa kule hauzai vizuri, maji ya shida, soko lao la kuni na mboga limebaki Moatize na nauli hawana, nyumba zenyewe zikaanza kupasuka na kuvuja. Januari 2012 wakatoka wakaifunga reli inayopitisha makaa, polisi wakaja wakawatawanya kwa nguvu. Na kulikuwa na wafyatua matofali waliokuwa wakichukua udongo kando ya mto, wao hawakuwa na shamba la kuhesabiwa, walikuwa na kazi tu, na kazi yao ikaondoka na ule mto, nao wakaandamana kwa sababu walicholipwa mara moja hakikufanana na riziki ya kila siku. Hawa wote hakuna alokuwa adui wa maendeleo, walihama kwa sababu waliahidiwa maendeleo, wakafunga reli baada ya kuyasubiri.

Umeuliza hawataki ajira? Wanataka, tena sana, na ndo mana vijiji vingi vinagawanyika, nyumba moja baba anaupinga mgodi mtoto kaomba kazi humohumo, usije ukadhani kijiji kizima kinasimama upande mmoja. Lakini shimo la wazi la siku hizi linaendeshwa na mashine, eskaveta moja inafanya kazi ya watu mia na zaidi, na anaekalia ile mashine ni mtu mwenye cheti, mara nyingi kaja kutoka mbali. Kaka yako mwenyewe, Mungu amzidishie, katoka Wete kaenda kupata kazi Mbinga kwa sababu ana leseni ya semi na uzoefu, yule kijana wa kijijini pale pembeni ya shimo hana leseni hiyo, yeye kapata kazi ya kufyeka na kulinda geti kwa miezi sita ya ujenzi halafu mkataba ukaisha. Si kosa la kaka yako hata kidogo. Ila ukiwa wewe ndie yule kijana, kila siku unayahesabu malori yanapita mbele ya mlango wako na vumbi unabaki nalo wewe, utayatazama makaa ya mawe kwa jicho jengine. Pesa nazo, kampuni ya madini inalipa halmashauri ushuru wa huduma ambao ni sehemu ndogo ya mauzo, na halmashauri ni wilaya nzima, si kijiji kilichotobolewa, kwa hiyo madarasa yanaweza kujengwa kweli na yakajengwa kwa watu wengine kabisa.

Kuhusu kulipwa na wazungu. Kuna jumuiya zinapata pesa za wafadhili, hilo ni kweli na halifichwi, kama vile mgodi wenyewe unavyopata pesa za wenye hisa na mabenki ya nje. Sasa mbona pesa ya nje ikija kuchimba hatuulizi katumwa na nani, ikija kulipa wakili wa wanakijiji ndo tunauliza? Na hao wazungu kwao wamegombana na makaa ya mawe kabla yetu. Januari 2023 polisi wa Ujerumani waliwatoa watu kwa nguvu kwenye kijiji cha Lützerath kilichobomolewa kwa ajili ya mgodi wa Garzweiler. Na kuna Aberfan, kijiji cha wachimbaji huko Wales, hii kila nikiisimulia naikumbuka ile ndoo. Kifusi cha mgodi kilirundikwa juu ya mlima, juu ya kijiji, na mahali penyewe palikuwa na chemchem, maji yakawa yanapenya chini ya kifusi miaka na miaka. Halmashauri ya pale ilikuwa imeandika barua miaka ya 1963 na 1964 kulalamikia hatari ya kile kifusi nyuma ya skuli. Barua, kwa maandishi, kwa adabu. Tarehe 21 Oktoba 1966 asubuhi watoto ndo kwanza wameingia madarasani, kifusi kikateremka, wakafa watu 144, na 116 kati yao ni watoto. Walolalamika walikuwa watu wa palepale wanaoishi kwa mgodi huohuo, hawakuwa na mfadhili, walikuwa na macho.

Halafu mtu anaelipwa hafi kwa ajili ya jambo lile. Fikile Ntshangase alikuwa bibi wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, akipinga kupanuliwa mgodi wa makaa ya mawe wa Somkhele, jirani na hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi. Wenzake wamesema alikataa kutia saini makubaliano ya kuifuta kesi yao mahakamani. Tarehe 22 Oktoba 2020 jioni wakaja watu wenye bunduki nyumbani kwake wakampiga risasi akafa. Mie kila nikisikia mtu anasema wanaharakati wanatafuta umaarufu tu, namkumbuka yule mama.

Sasa inatuhusu nini sisi. Kwanza ujue hatuna makaa ya mawe kwa sababu visiwa vyetu ni mawe ya matumbawe na udongo wa juzi ukilinganisha, wakati yale ya Mbinga, ya Mchuchuma kule Ludewa na ya Kiwira yapo kwenye mwamba wa miaka zaidi ya milioni 250. Lakini kuyataka tulishayataka zamani. Meli za mvuke zilizokuwa zikiingia Unguja zilikuwa zinakula makaa ya mawe, na Sayyid Barghash mwenyewe mwaka 1881 alimpeleka Mskochi Joseph Thomson mpaka Ruvuma akamtafutie, akarudi na habari kwamba alichokiona ni mawe meusi yasiyofaa kuchoma. Na leo tunayatumia bila ya kuyaona, saruji ya bara inayoteremshwa kwenye bandari zetu za Malindi na Mkoani inapikwa kwenye matanuri, na vingi katika viwanda hivyo vinachoma makaa ya mawe. Kwa hiyo ukuta wako na maji ya yule bibi vina uhusiano, sisemi usijenge, nasema ujue.

Pili ni ndugu zetu wa Lamu, na hii nadhani ndo ulioiona kwenye simu. Lamu haikuwa kuchimba, ilikuwa kuchoma, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, makaa yenyewe kwanza yaletwe kwa meli kutoka Afrika Kusini. Mji wa Lamu unajua ulivyo, ni kama Mji Mkongwe wetu, nao upo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, watu wavuvi, mikoko, misikiti, pwani ileile na lugha ileile. Wavuvi wakauliza maji ya moto yatakayomwagwa baharini yatafanya nini kwa samaki, majivu yatakaa wapi, mikoko itakuwaje. Walijipanga, wakenda kwenye baraza la kesi za mazingira la Kenya, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Unajua hoja kubwa ilikuwa nini? Kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo, mikutano iliyoitishwa ilikuwa ya kuutambulisha mradi, imefanyika kabla ripoti ya athari haijakamilika, na ripoti ilipokuja na kurasa zake zote watu hawakupewa nafasi ya kuijadili. Rudi kule kwenye mikarafuu, ni jambo lilelile. Na kichekesho hapa hakuna, ni jambo la uchungu, wakati ule Kenya nzima saa ya matumizi makubwa kabisa ilikuwa haijafika megawati 2,000, na walitaka kuongeza nusu nzima ya hizo kwa mtambo mmoja ambao watu wangeulipia ukiwashwa usiwashwe.

Mie si mtu wa kukwambia tukae gizani. Nilikuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu waya wa baharini umeharibika hakuna umeme, tumenunua maji kwa ndoo kwa sababu pampu hazifanyi kazi, watu wametupa samaki. Umeme ni uhai. Lakini hiyohiyo ndo inanifanya niseme mtu asikwambie kwamba ni makaa ya mawe au giza, mana gesi tunayo, mito tunayo, jua na upepo tunavyo.

Tatu ni bahari. Tani moja ya makaa ya mawe ikichomwa inatoa zaidi ya tani mbili za hewa ya ukaa, usishangae inazidi, kaboni inachukua oksijeni ya hewani inajiongezea uzito, kwa hiyo semi moja ya tani thelathini ni zaidi ya tani sitini zinazopanda juu, popote itakapochomwa, India au Ulaya. Hewa ile inashika joto na joto kubwa linaingia baharini. 1998 matumbawe yetu yaligeuka meupe mpaka kisiwa cha Misali, 2016 tena. Muulize mama au shangazi yeyote anaelima mwani, watu wanaofanya kazi ile wengi wao ni wanawake, atakwambia kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, ilikuwa inakubali pwani palepale maji ya magoti, siku hizi inaoza na kukatika kwa sababu maji ya pwani yana joto, wamebaki na aina nyengine, spinosum, ambayo bei yake ndogo, anaetaka kotonii inabidi aende maji ya kina na wengi hawajui kuogelea. Na Pemba kuna mabonde ya mpunga maji ya chumvi yameingia, huu mpunga haurudi. Ila hapa nataka kuwa mkweli: mchango wa Tanzania kwenye hewa hii ni mdogo mno ukilinganisha na nchi zilizochoma makaa ya mawe miaka mia mbili, na sikubali mtu atoke mbali amwambie mkulima wa Mbinga yeye ndie abebe mzigo wa dunia. Hoja yake mkulima ya maji na shamba inatosha peke yake, haihitaji kusaidiwa na barafu ya kaskazini.

Na nne, kama bado unaona ni mambo ya bara, nenda Donge Chechele ukaangalie mashimo ya mchanga. Sie makaa ya mawe hatuna lakini kuchimba tunachimba, mchanga, mawe, kifusi. Kwetu kijijini kulikuwa na mkandarasi mmoja, kaja na tipa zake kachukua udongo upande wa juu wa kisima cha mtaa, kasema atafukia, hakufukia, masika yale maji yakatuama mle shimoni, taka zikatupwa humo, na kisima kikaanza kunuka. Hakuna alotuonyesha kibali wala alotuita kutuuliza. Na Oktoba 2018 Serikali yetu ilisaini mkataba na kampuni ya RAK Gas wa kutafuta mafuta na gesi kwenye kitalu cha Pemba na Zanzibar. Sipingi kutafuta, nataka tu wewe na vijana wenzako muyajue mapema maswali ambayo watu wa Carolina na Cateme waliyajua kwa kuchelewa.

La kwanza ni vipimo vya mwanzo. Kabla ya mtu yeyote kuchimba kitu chochote karibu na kwenu, visima vipimwe, kina chake, pH, chumvi, vyuma, na karatasi ile nakala ibaki kwa sheha na nyengine mikononi mwa watu, isikae kwa mchimbaji peke yake. Yule bibi wa ndoo angekuwa na karatasi ya miaka mitano nyuma inayosema kisima chake kilikuwa na pH 7, yule ofisa asingeweza kufungua mdomo. Piga picha kuta za nyumba, simu zetu zinaweka tarehe. Ripoti ya athari iombwe kabla ya mkutano, si siku ya mkutano, tena kwa Kiswahili. Kwetu ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, ndio wenye dhamana hiyo kwa sheria ya 2015, watu waende wakaulize, mlango wao si wa wawekezaji tu. Na iulizwe pesa ya kufukia shimo imewekwa wapi, mana kampuni inaweza kuuzwa, Vale mwenyewe aliuuza ule mgodi wa Moatize na kuondoka 2022, wa Cateme wakabaki na tajiri mpya.

Kaka yako sasa. Usimwambie aache kazi, atakula nini na nyinyi mtakula nini. Mwambie wakati wa kupakia asikae na vioo wazi, avae barakoa ya N95 ile yenye kubana pua, kitambaa cha shingoni hakizuii lile vumbi jembamba, mzigo aufunike turubai lote mpaka nyuma hata kama haraka, na akipita vijijini apunguze mwendo mana vumbi linategemea spidi. Nguo za kazi asije nazo ndani kwa watoto. Akianza kikohozi kikamaliza wiki tatu aende apige eksirei na amwambie daktari anabeba makaa ya mawe, asiseme tu yeye dereva. Na siku akipata nafasi ashuke pale kijijini karibu na shimo, aombe maji ya kunawa, ajipake sabuni, halafu aniandikie kama imetoa povu.